Nani Amemshika Mtoto?

Kila ninapoona picha ya msanii akiwa kazini, ameinamia meza, brashi mkononi, najiuliza nani amemshika mtoto. Nikisoma habari za mwandishi aliyetoa vitabu vingi mfululizo, nalitafuta jibu kwenye ukurasa wa shukrani, na mara nyingi nalikuta pale mwishoni kabisa, mstari mmoja tu: mke, mama mkwe, dada, binti mkubwa. Kuna mtu alibaki na watoto ili mwingine abaki na kurasa zake.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na ni mama wa watoto wawili. Watu huziona shughuli hizi mbili kama pacha. Wanadhani anayechora sungura na mawingu amezungukwa na watoto wanaompa mawazo tangu asubuhi hadi jioni. Kuna ukweli kidogo humo, nao nitaufikia. Lakini kitabu cha picha ni mkataba, ni mtambo wa kuchapa, ni tarehe ya kukabidhi kazi. Kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Kila ukurasa unataka mchoro wa awali, kisha maoni ya mhariri, kisha masahihisho, kisha mchoro kamili. Mhusika aliyevaa shati la milia ukurasa wa 4 lazima avae milia ileile ukurasa wa 29, na asiongezeke umri njiani. Kazi ya namna hiyo hula saa nyingi, tena saa zilizoshikana.

Saa zilizoshikana ndizo za kwanza kuondoka mtoto anapofika.

Mtu ambaye hajalea hufanya hesabu inayoonekana haina kasoro. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, kwa hiyo mama ana muda tele. Hesabu hiyo inasahau kwamba tumbo la mtoto ni dogo, na kwamba anahitaji kunyonya kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Usingizi wake umekatwa vipande, na hakuna ajuaye kipande kipi kitakuwa kirefu. Unakaa mezani hujui kama umepewa dakika kumi au saa mbili. Unachora huku unasikiliza. Mkono uko kwenye karatasi, sikio liko chumba cha pili, na hata kikiwa kimya kile chumba, kimya chenyewe unakisikiliza. Mtafiti Sophie Leroy, katika kazi yake ya mwaka 2009, alieleza jinsi sehemu ya mawazo ya mtu inavyobaki imenasa kwenye shughuli aliyoiacha haijaisha pale anapohamia nyingine. Mzazi mwenye kazi ya kubuni anaishi ndani ya hali hiyo miaka mingi. Amebeba vitu viwili ambavyo havijaisha, na kila kimoja kinamwita akiwa kwenye kingine.

Ndiyo maana siku hizi nasema wazi kwamba tunachokosa wazazi wasanii si muda peke yake. Tunakosa uhakika wa kutoitwa. Saa moja ambayo najua kwa yakini kwamba hakuna atakayeniita naithamini kuliko mchana mzima ambao naweza kuitwa wakati wowote. Na uhakika huo hauwezi kutoka kwangu mwenyewe, hata niwe na nidhamu kiasi gani. Unatoka kwa mtu mwingine aliyekubali kuitwa badala yangu.

Nilipokuwa mjamzito niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba mshika mbili moja humponyoka. Walioniambia walinipenda, na walikuwa wameona wengi wakiponyokwa. Methali hiyo ni ya kweli kabisa kwa mtu aliye peke yake: mikono miwili haitoshi kushika mtoto na kalamu. Ninachokipinga ni ile dhana iliyojificha ndani yake, kwamba mikono inayohusika ni miwili tu, na kwamba yote miwili ni ya mama.

Mwaka 1938 mhakiki wa Uingereza, Cyril Connolly, aliandika kwamba sanaa bora haina adui mzito kuliko kigari cha mtoto kilichoegeshwa kwenye korido ya nyumba. Wakati ule hakuwa na mtoto. Sentensi yake imetembea dunia nzima, na bado inawatisha vijana wenye vipaji wanaojiuliza kama wazae au wasizae. Lakini anayekiona kigari kama kizuizi ni yule anayepita korido akielekea chumba cha kusomea. Anayekisukuma ana swali lingine. J. G. Ballard, mwandishi wa riwaya, alifiwa na mkewe mwaka 1964 akabaki na watoto watatu wadogo. Aliwalea mwenyewe. Aliwapeleka shule, akarudi, akaandika, akaenda kuwachukua. Miaka ya baadaye aliitazama ile miaka ya malezi kama yenye furaha kubwa kuliko yote maishani mwake. Sielezi haya ili kumshusha Connolly. Nataka tuone kwamba Ballard naye alikuwa na jibu la swali langu: kuanzia asubuhi hadi mchana, mtoto alishikwa na shule.

Wasanii wenye watoto hupenda kumnukuu Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, nami ni mmoja wao. Tayari alikuwa na mtoto wa kiume alipojifungua mapacha watatu mwaka 1934. Aliandika baadaye kwamba kupika na kulea hakumnyimi msanii mwanamke chochote, kwamba maisha yale tele yanamlisha, ilimradi kila siku afanye kazi yake kidogo, hata nusu saa, ili picha ziendelee kukua kichwani. Maneno hayo yamenibeba. Kuna siku ambazo nusu saa ndiyo yote niliyopata, na niliikamata nikijua kwamba kesho yake nitaikuta picha imesogea.

Ila wanaomnukuu huishia hapo, na maisha yake yanaeleza zaidi. Mapacha wale walipokuwa wachanga walitunzwa kwa kipindi na wauguzi katika chuo cha kufundishia walezi wa watoto. Na vita ilipoanza mwaka 1939, familia ikahamia St Ives, pwani ya Cornwall, akaendesha shule ndogo ya watoto na bustani ya kulisha nyumba, na kwa miaka kadhaa hakuweza kuchonga. Jiwe linataka nafasi, vumbi, kelele na mchana. Alichopata ni usiku, na usiku alichora kwenye karatasi. Ile nusu saa ilikuwa ya kweli, lakini ilimlazimisha abadilishe kitu alichokishika mkononi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote niliyosoma kuhusu kulea na kusanii. Watu hutushauri tupange ratiba. Ni nadra kusikia mtu akizungumzia vifaa. Na vifaa ndivyo vinavyoamua kazi gani inaweza kuachwa katikati na ipi haiwezi.

Mtazame Ruth Asawa, msanii wa maumbo ya waya. Alizaliwa Marekani mwaka 1926, na kati ya 1950 na 1959 alipata watoto sita. Mbinu yake ya kufuma waya kwa vitanzi aliiona Toluca, Meksiko, mwaka 1947, kwa mafundi waliotengeneza vikapu vya waya. Akaichukua, akaanza kufuma maumbo yanayoning'inia, duara ndani ya duara, mengine marefu kupita kimo cha mtu. Alifanyia nyumbani, San Francisco. Mpiga picha Imogen Cunningham alimpiga picha mwaka 1957 akiwa katikati ya kazi zake, watoto wamemzunguka, kila mmoja na shughuli yake. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kinachonivutia ni waya. Waya haumwagiki. Haukauki ukiuacha. Hauna mvuke wa sumu. Mtoto akilia unauweka chini, unamhudumia, unarudi na kuendelea kutoka kitanzi kilekile ulichokiacha, na hakuna atakayeona mahali ulipokatizwa. Asawa alikuwa na kipaji kikubwa, na kipaji hicho alikitia ndani ya kitu kinachostahimili kukatizwa.

Mimi kabla ya watoto nilipaka rangi za mafuta. Nilizipenda kwa uzito wake, na kwa jinsi zinavyokuruhusu ubadilishe mawazo. Lakini huchukua siku nyingi kukauka, na kuzisafisha kunataka tapentaini, ambayo ni sumu mtoto akiimeza na inaumiza kifua hata kwa mvuke wake. Mtoto wa mwaka mmoja huijua dunia kwa mdomo. Nikahamia kwenye wino na rangi za maji, na sikuhama kwa huzuni. Nilitaka kuendelea kuchora, na hivi ndivyo vifaa ambavyo nyumba yenye mtoto ingeviruhusu.

Kisha nikagundua kwamba hata rangi za maji zina sehemu mbili tofauti kabisa. Ukitaka kupaka anga, yaani rangi moja laini inayotanda ukurasa mzima, lazima uipake kwa mkupuo mmoja karatasi ikiwa bado mbichi. Ukisimama katikati, ukingo unakauka na kuacha mstari ambao haufutiki. Kazi hiyo haivumilii kuitwa. Lakini manyoya ya ndege, nyasi, vigae vya paa, milia ya lile shati, hizo ni alama ndogondogo za wino zinazowekwa moja moja. Unaweza kuitwa kila baada ya manyoya matatu na ndege bado akatoka mzima.

Basi nikaigawa kazi yangu upya. Zamani niliimaliza kurasa moja baada ya nyingine. Sasa nina kazi za mlango uliofungwa na kazi za mlango wazi. Anga zote za kitabu kizima, bahari zote, kuta zote kubwa, pamoja na ile kazi ngumu kuliko zote ya kufikiria ukurasa usio na kitu, hizo nazisubirisha hadi siku ninayojua kwamba sitaitwa. Wino, milia, nyasi, kufuta penseli, kukata karatasi kwa kipimo, kuskani, kujibu barua za mhariri, hizo nazifanya watoto wakiwa chumba kilekile. Na kabla sijainuka mezani, hata nikiwa nimeitwa kwa kilio, nina tabia moja ambayo siiachi: naandika kwa penseli pembeni mwa karatasi mguso unaofuata ni upi. Si mpango wa siku. Ni mguso mmoja tu. "Kivuli chini ya sikio la kushoto, rangi ileile, maji zaidi." Nikirudi, iwe baada ya dakika tano au siku mbili, sianzi kwa kujiuliza nilikuwa wapi. Nasoma, nachovya brashi, naweka kivuli. Mguso huo wa kwanza ndio unaonirudisha ndani.

Nimewaeleza wasanii wenzangu jambo hili, na kila mmoja ana mlango wazi na mlango uliofungwa wake, hata kama hajawahi kuuita hivyo. Mwanamuziki hawezi kurekodi sauti mtoto akiwa chumbani, lakini anaweza kupanga vipande vya rekodi akiwa na spika moja sikioni. Mwandishi wa riwaya hushindwa kabisa kuanza sura mpya, ila kusahihisha sura ya zamani anaweza akiwa amekaa nje ya darasa la kuogelea. Mpiga picha atachagua na kupanga picha, lakini hatatoka na kamera alfajiri bila mtu wa kubaki nyumbani. Kila fani ina sehemu inayokubali kukatwa vipande na sehemu isiyokubali, na mzazi anayejichosha ni yule anayelazimisha ile isiyokubali iingie kwenye dakika kumi.

Lakini vifaa na mpangilio vina mwisho wake. Zile anga bado zinataka mtu aliyemshika mtoto.

Kwa muda mrefu nyumbani kwetu tulikuwa na mazungumzo yaleyale kila asubuhi. Mwenzangu, mtu mwema na baba anayewapenda wanawe, aliniuliza, "Leo una kazi nyingi? Nikusaidie?" Nami nikaanza kueleza: kuna kurasa mbili, mhariri anasubiri, labda kidogo mchana. Nikajikuta naomba. Kila siku niliithibitisha kazi yangu upya mbele ya mtu ambaye hakuwa na nia hata kidogo ya kunifanya niithibitishe. Siku moja nikamwambia, "Baba, sihitaji kusaidiwa. Nahitaji siku ambayo watoto ni wako." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sema siku ipi." Tukakaa na kalenda. Sasa Jumamosi kuanzia asubuhi hadi mchana na jioni mbili za katikati ya wiki ni zangu kwa makubaliano. Siombi. Nikiwa sina mkataba wowote mezani bado ni zangu, na hiyo ndiyo sehemu iliyotuchukua muda kukubaliana, kwa sababu ni rahisi kuheshimu kazi yenye malipo kuliko ile inayoandaa kazi ya mwakani. Yeye naye ana saa zake, nazilinda vilevile.

Utaratibu huo ulinipa kitu ambacho sikukitarajia. Nilipoacha kuitika, watoto nao waliacha kuniita. Walijua Jumamosi wanamwita baba, na walijua baba anajua viatu viko wapi na dawa ya kikohozi inapimwaje. Mtoto humwita yule ambaye huwa anajibu.

Najua si kila mtu ana mwenzake wa kukaa naye na kalenda. Buchi Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944, akamfuata mumewe London mwaka 1962, na alipokuwa na umri wa miaka 22 alikuwa na watoto watano na amemwacha mume huyo, aliyechoma muswada wa riwaya yake ya kwanza. Alifanya kazi, akasomea sosholojia katika Chuo Kikuu cha London, akaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1972. Kitabu cha pili alikiweka wakfu kwa watoto wake watano, akisema kwamba bila kelele zao tamu kisingeandikwa. Toni Morrison alilea wavulana wawili peke yake huku akiwa mhariri kwenye kampuni ya uchapishaji, naye alianza kuandika kabla ya mapambazuko kwa sababu ndio muda uliokuwepo kabla ya kuitwa "mama". Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, na mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Nawaheshimu wanawake hawa kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa sababu hiyo hiyo inaniuma hadithi zao zinapogeuzwa fimbo. Nimesikia mara nyingi mikutanoni: "Kama Emecheta aliweza na watoto watano, wewe unalalamika nini?" Aliweza kwa gharama ya usingizi wake. Alfajiri ni saa ambayo watoto wameshikwa na usingizi, na mama aliyeitumia aliilipia kwa mwili wake mwenyewe mchana kutwa. Tukiimba ushujaa wake bila kutaja bei, tunawaambia wanaokuja nyuma kwamba bei hiyo ni ya haki. Kwa kila Emecheta tunayemsoma walikuwepo wengine wenye kipaji kilekile waliochoka wakalala, nao hatuna vitabu vyao.

Mwaka 1969, muda mfupi baada ya kupata mtoto wake wa kwanza, msanii wa New York, Mierle Laderman Ukeles, aliandika ilani akitangaza kwamba kazi ya kutunza, kufua, kusafisha, kulisha, kubadilisha nepi, ataifanya mbele ya watu kama sanaa. Mwaka 1973 alipiga magoti akaosha ngazi za jumba la makumbusho huko Hartford. Kuanzia 1979 alizunguka jiji zima la New York akishikana mikono na wafanyakazi wa taka wapatao 8,500, mmoja baada ya mwingine, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Katika ile ilani aliuliza: baada ya mapinduzi, nani atazoa taka Jumatatu asubuhi? Swali lake na langu ni ndugu wa damu. Yeye aliliuliza hadharani na kulifanya kuwa sanaa yenyewe. Sisi wengine tunaweza angalau kulijibu kwa sauti. Nikialikwa kuzungumza kuhusu vitabu vyangu, husema nimekuja kwa sababu baba yao yuko na watoto, au kwa sababu kuna dada tunayemlipa ambaye yuko nao, na kwamba bila yeye kusingekuwa na kitabu. Wenzangu wanaume huwa hawaulizwi. Natamani waulizwe, na natamani wajibu kwa fahari.

Nilisema kuna ukweli kidogo katika wazo kwamba watoto humlisha mchoraji. Ndiyo, upo. Nilisoma chuoni kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake, na kwamba cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba na nusu. Kanuni hiyo niliijua kwa kalamu. Uzito sikuujua. Mtoto aliyelala begani hujiachia wote, mkono mmoja unaning'inia nyuma ya mgongo wako kiganja kikiwa wazi, na shavu lililogandamizwa linasukuma mdomo uwe wazi upande mmoja. Mtoto wa miaka miwili hushika penseli kwa ngumi, anachora kwa bega zima. Wa miaka mitano anachora kwa vidole, ulimi umetoka kidogo pembeni. Mambo haya yanaingia kwenye michoro yangu bila mimi kuyatafuta, na wasomaji wadogo huyatambua. Yanayoingia ni miili na mikao. Nyuso za wanangu haziingii, wala visa vyao, wala maneno waliyoniambia wakilia. Hivyo ni vyao. Wakikua, wakitaka kuvisimulia, watavisimulia wenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni njia ya kutoka kazini. Mtu anayetoka ofisini ana barabara kati ya ofisi na nyumbani. Mimi naufungua mlango na nyumbani ni pale pale, huku kichwa bado kiko kwenye bahari ya ukurasa wa 12. Mwanangu mkubwa amezoea kunitazama usoni kwa makini nikitoka, kisha ananiuliza, "Mama, umeshatoka kwenye picha?" Nikiwa sijatoka, namwambia ukweli, na tunaosha brashi pamoja. Maji ya vuguvugu, sabuni, kuzungusha brashi kiganjani hadi maji yatoke meupe, kuirudishia ncha kwa vidole. Yeye huosha zile kubwa, mimi ndogo. Ananisimulia ya shuleni. Brashi zikishasimama kwenye kopo kukauka, nimeshatoka.

Hatia ipo, nisiifiche. Nikiwa mezani nahisi nawaibia watoto, nikiwa na watoto nahisi naiibia kazi. Sijapata dawa yake. Nilichogundua ni kwamba hupungua sana ninapojua nani yuko na watoto na kwamba yuko nao kwa moyo. Hupanda pale ninapokuwa nimejigawa, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Zamani niliwaficha watoto kwenye mazungumzo ya kazi. Wengi wetu hufanya hivyo, tukiogopa mhariri ataona hatuko makini akampa kazi mwingine. Siku hizi nawaweka ndani ya mkataba. Nikikadiria muda wa kuchora kitabu, naongeza theluthi nzima kwa ajili ya homa, mafua na chekechea inayofungwa ghafla, na nasema kwa nini. Naomba malipo yagawanywe kwenye kusaini, kwenye michoro ya awali na kwenye kukabidhi, ili niweze kumlipa dada anayebaki na watoto wakati kazi inaendelea badala ya kungoja mwisho. Wahariri wengine wamekataa, na kazi zikaenda kwingine. Wengi wamekubali, na wawili au watatu wameniambia kwamba wao pia wana watoto na hawakujua kwamba inaruhusiwa kusema.

Wiki hii niko kwenye mazungumzo ya kitabu kipya, chenye anga nyingi kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Mchapishaji alitaka michoro ya awali katikati ya likizo ya shule. Nimemjibu kwamba likizo watoto wote wawili wako nyumbani, kwamba anga hazichorwi mlango ukiwa wazi, na kwamba naomba tarehe isogezwe hadi wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa. Jana jioni amejibu. Tarehe imesogezwa, na mkataba unarekebishwa.